Simbilisi Aliyefiwa

Juzi, hapa Mbarara, mtoto wa jirani aliniletea simbilisi, kile kinyama kidogo cha kufugwa jikoni, aliyenyonyoka manyoya mbavuni. Nikamweleza, kwa sauti ya mhadhara, kwamba mimba pevu hufanya hivyo.

Lakini alasiri moja ya utoto wangu, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, sikuwa msomi. Papa, baba yangu, alikuwa amelazwa hospitalini Mbarara. Jikoni, kwenye moshi na harufu ya majani mabichi, simbilisi wangu alibaki na ubavu mtupu. Kwetu mtu hunyoa akifiwa; nikaamini Papa amekufa naye anamlilia. Nikachukua wembe, nikajinyoa kichwa.

Mama aliporudi kutoka shambani aliangusha jembe.

“Nani alikuletea habari?”

“Simbilisi.”

Alinichapa, lakini hakutulia. Akanivuta mbio hadi kituoni Rwekubo kungoja magari yatokayo Mbarara. Papa alishuka kwenye gari la tatu, amekonda, akakitazama kichwa changu.

“Nani alikufa?”

“Ni wewe,” Mama akasema, na kilio alichokibana tangu nyumbani kikamtoka.