Hotipoti ya Jorodom

Kwetu Tlawi Krismasi huliwa nyumbani. Mbuzi yupo, viazi vipo, maziwa yapo, na mtu anayeviacha vyote hivyo akaenda kununua wali hotelini huonekana amepungukiwa na kitu kichwani. Mimi na mume wangu tumeonekana hivyo tangu tuoane. Kila mwaka, siku ya pili ya Krismasi, tuliwaacha watoto kwa bibi yao, tukapanda pikipiki, tukapita Mbulu mjini na Dongobesh, tukashuka Basotu na kutokea Katesh. Safari yote hiyo kwa ajili ya sahani mbili za pilau.

Pilau hiyo ilipikwa Jorodom, pembezoni mwa Katesh chini ya mlima Hanang, na mama mmoja wa Kiislamu, ambaye wazazi wake walitoka Singida wakaja Katesh kufanya biashara, wakabaki. Mume wangu alimfahamu zamani, alipokuwa kijana anajifunza useremala pale mjini. Aliugua taifodi akiwa peke yake kwenye chumba cha kupanga. Mama huyo alimjua kama mteja wa chai tu, lakini alimhamishia kwenye chumba cha nyuma ya hoteli yake, akamnywesha uji hadi akasimama. Tangu siku hizo mume wangu akawa na mama wawili. Aliponichumbia alinipeleka kwanza kwa mama wa Katesh, ndipo akanipeleka kwa mama mzazi. Mama mzazi hajasahau mpaka leo.

Nakumbuka siku ile mama wa Katesh alivyonitazama nikila. "Sasa wewe unadonoadonoa kama kuku mgeni, nyumba ya watu utaiweza?" Nilikasirika, nikamaliza sahani kwa hasira, na nilipofika chini nikakuta kitunguu saumu kizima, kimepikwa na maganda yake hadi kimelainika kama siagi. Hiyo ilikuwa namna yake. Vitunguu maji alivikaanga mpaka vikakaribia kuwa vyeusi, mahali ambapo mpishi mwingine angepiga kelele na kuepua sufuria, na vitunguu saumu alivitia vizima. Mgeni aliyempenda alikikuta kimoja chini ya wali wake. Nilipokiona, mume wangu alicheka kuliko nilivyowahi kumwona akicheka.

Kisha kulikuwa na hotipoti. Ilikuwa ya bluu, kubwa, na chini yake mama huyo alikuwa amechora msalaba kwa rangi ya kucha nyekundu, kama wanavyofanya wenye vyombo ili visipotee kwenye shughuli za watu. Mume wangu alimtania kwamba ameshakuwa Mkristo. Alijibu, "Hiyo ni alama ya kujumlisha, mwanangu. Kwangu vyombo vinaongezeka, havipungui." Kila tulipoondoka alitujazia pilau ya kumpelekea mama mkwe wangu, na mama mkwe, ambaye hali chakula cha mtu asiyemjua, aliila yote. Chombo cha mtu hakirudi kitupu, hilo kila mtu analijua. Basi hotipoti ilikaa kwetu mwaka mzima, na Krismasi iliyofuata tuliirudisha imejaa vitunguu saumu vya shamba letu, kwa sababu mama huyo alidai vya dukani Katesh vimekonda kama vimefunga. Alivimwaga, akaosha chombo, akajaza pilau, nasi tukarudi nayo. Ilisafiri katikati yetu kwenye pikipiki, imebanwa kati ya tumbo langu na mgongo wa mume wangu, ikiwa ya moto wakati wa kurudi.

Mwaka ule mlima Hanang ulipoporomoka, Krismasi ilikuwa bado wiki chache. Vitunguu nilikuwa nimeshavichambua. Tulipata habari kwenye simu asubuhi: tope, mawe na magogo yameshuka alfajiri, yamepita Jorodom. Mume wangu alipiga namba ya mama yake wa Katesh hadi simu ikaisha chaji. Kesho yake alikwenda. Alirudi baada ya siku kadhaa, viatu vimekuwa vizito kwa udongo, akasema mahali pa hoteli pana jiwe kubwa kama nyumba. Aliuliza kila mahali ambapo watu walikuwa wanaulizia ndugu zao. Hakuonyeshwa maiti wala kaburi, na kila aliyemuuliza alikuwa na wake wa kutafuta. Akaniambia, "Hajaonekana," na jinsi alivyolitamka neno hilo nilijua kwamba kwake lina maana moja tu, kwamba bado anaweza kuonekana.

Krismasi hiyo hatukwenda popote. Hotipoti ilibaki kwenye kona ya chumba chetu, juu ya sanduku.

Mimi si mtu wa kuogopa vitu. Naogopa nyoka na wakwe, basi. Lakini mvua za masika zilipoanza, chumba kilianza kunuka pilau. Iliki, mdalasini, na ule uchungu wa kitunguu kilichokaribia kuungua. Niliiosha hotipoti kwa majivu, nikaiosha kwa sabuni, nikaianika juani ikiwa wazi. Mvua iliponyesha, harufu ilirudi. Usiseme ni mfuniko wa plastiki, nimeshajiambia hivyo mwenyewe. Nilimuuliza mume wangu kama anaisikia.

"Mimi sisikii kitu," alisema, na akageukia ukutani.

Mama mkwe alikataa chombo kisiingie jikoni kwake. Yeye ni Mkatoliki wa kila Jumapili, lakini kuna mambo ya wazee wa Kiiraqw ambayo padre hayaulizi na yeye hayasemi. Siku moja alisimama mlangoni kwetu, akavuta hewa, akamwaga maziwa kidogo kwenye kizingiti. "Mwenye chombo anauliza chombo chake," alisema. "Mpelekeeni." Tumpelekee wapi?

Mume wangu alikuwa na jibu. Miezi ile alizoea kupiga ile namba, na kila mara haikupatikana. Siku moja iliita. Alipokea mwanaume, akasema amekosea namba, kwamba yeye yuko Singida na laini ni mpya. Mtu mwingine angeelewa. Mume wangu alikata simu, uso umeng'aa. "Singida! Si ndiko kwa ndugu zake?" Nilimweleza kwamba laini ikikaa bila kutumika hupewa mtu mwingine. Alinitazama kama mimi ndiye niliyeuporomosha mlima.

Akaanza kujenga hadithi yake. Mama yuko hai. Aliumia, ndugu wakamchukua, ameshindwa kujenga tena Jorodom, yuko mahali fulani anapika, kwa sababu mtu kama yule hawezi kukaa bila kupika. Hivyo ndivyo Krismasi zetu zilivyobadilika. Tulijaza hotipoti vitunguu saumu, tukapanda pikipiki, na kila palipokuwa na hoteli tukasimama. Dongobesh. Basotu, ambako watu wenye akili hula samaki wa ziwani, sisi tukaagiza pilau. Katesh stendi, Katesh sokoni. Mume wangu aliketi, akaomba sahani moja, akatia kijiko cha kwanza mdomoni na kufumba macho. Mimi nilimtazama huku hotipoti ikiwa mapajani. Kisha alifumbua.

"Siyo mkono wake."

Tulilipa na kuondoka. Sahani ilibaki imejaa, wahudumu wakitutazama kwa chuki, nami nikaona aibu hadi masikioni. Jioni tuliporudi Tlawi na vitunguu vyetu, mama mkwe alivikataa. Kilichokwisha kutolewa kwa mtu hakirudi jikoni. Nilivigawa kwa majirani, wakafurahi, na hotipoti ikarudi juu ya sanduku.

Nilichoogopa si mzimu. Nilimhofia mume wangu. Alikuwa amekonda. Nyumbani alikula kwa adabu tu, na nilipopika pilau, yangu ambayo watu huisifu, alionja kijiko cha kwanza amefumba macho. Mimi nikawa hoteli mojawapo. Nilijua kwamba asipompata mama yule, hai au kaburini, nitaishi na mtu aliyesimama stendi hadi nizeeke. Niliomba kwa Mungu ampate. Na kwa kuwa nasema kweli, niliomba ampate kaburini, kwa sababu huko ndiko nilikoamini yuko.

Krismasi iliyopita tulikuwa tumeshamaliza Katesh bila kitu. Mlima ulikuwa wazi, na ile michirizi ya udongo ilikuwa bado inaonekana ubavuni, ingawa majani yameanza kuifunika. Nilidhani tunarudi nyumbani, lakini mume wangu alikata kona kuelekea Hirbadaw. Fundi mwenzake alikuwa amemwambia kuna mnada huko na akina mama wanapika. Nilimwambia mgongoni, "Hii ndiyo ya mwisho. Mwakani nabaki na mbuzi wangu."

Kilikuwa kibanda cha mabati, mabenchi mawili, moshi wa kuni unatoka nyuma. Mhudumu alileta sahani. Mume wangu alichota, akafumba macho, na hakuyafumbua. Nilisubiri. Nikaona machozi yakitoka chini ya kope zilizofungwa. Nilichukua kijiko chake nikaonja. Iliki, mdalasini, na kitunguu kilichoachwa hadi pale ambapo mpishi mwingine angepiga kelele. Ilikuwa ni ile harufu ya chumbani kwangu, sasa iko mdomoni.

Mume wangu alisimama, benchi likaanguka. Alitazama mlango wa jikoni wenye pazia la kanga, akaita kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia, sauti ya mtoto anayerudi kutoka shule ya bweni.

"Shikamoo, mama!"

Mwiko uliokuwa unagonga sufuria ulinyamaza. Watu wa benchi la pili waliacha kutafuna. Nilisubiri ile marahaba ndefu ya mama wa Jorodom, na nakiri kwamba kwa muda ule mfupi niliamini nitaisikia. Nilikuwa nimeshaanza kutabasamu.

Pazia lilisogea. Alitoka mwanamke mdogo kuliko mimi, mikono ina unga wa viungo, ametahayari, hajui aweke wapi macho. Kwetu mkubwa hamwamkii mdogo.

"Kaka," alisema, "mimi ndiye wa kukuamkia. Shikamoo."

Niliitikia mimi kwa niaba ya mume wangu. "Marahaba, mdogo wangu. Nani amekufundisha kupika?"

Alipolitaja jina la mama yule, alilitanguliza na neno marehemu.

Mpishi huyu alikuwa mwosha vyombo wake. Usiku ule alikuwa amekwenda kwao kumuuguza bibi yake. Aliporudi alimtafuta pamoja na wengine, na walipompata, uso haukutambulika, lakini aliutambua mkono. Kulikuwa na kovu la mafuta kwenye kidole gumba, na yeye ndiye aliyempaka asali siku alipoungua. Alizikwa kwa haraka, kama dini yao inavyotaka, na baada ya hapo msichana akarudi kwao Hirbadaw. "Alikuwa anawasubiri wageni wa Mbulu," alituambia. "Alisema Krismasi ile nisitie vitunguu vya dukani, vya kwao vinakuja."

Nilimpa hotipoti. Aliiinua akatazama chini yake bila mtu kumwambia, akauona ule msalaba wa rangi ya kucha, akakaa chini palepale kwenye udongo akalia kwa sauti. Mume wangu alichuchumaa mbele yake. Hawakuwa wanafahamiana, lakini walilia kama watu wa tumbo moja. Mimi nilihamishia vitunguu kwenye ungo, kimoja kimoja, kwa kuwa mikono yangu ilihitaji kazi.

Alipotulia aliinuka, akaosha chombo ili atujazie. Hapo mume wangu alisema neno lake la kwanza tangu ile shikamoo. "Usijaze, dada. Kimefika kwao." Msichana alinitazama mimi, maana kumwacha mgeni aondoke mikono mitupu ni aibu. Nilimwambia amsikilize kaka yake. Kisha mume wangu alikaa mezani, akaila ile sahani yote, na chini ya wali hapakuwa na kitu. Aligeuza kijiko mara mbili kuhakikisha.

Tuliporudi, kati ya tumbo langu na mgongo wake hapakuwa na kitu. Sikujua nikae vipi. Nilimshika, na toka Basotu hadi Dongobesh nilisikia mgongo wake ukitikisika. Mama mkwe alitupokea uani.

"Amepokea?"

"Amepokea," nilisema, naye akaingia ndani bila kuuliza zaidi. Usiku ule mume wangu alikula ugali wa mama yake akaomba kuongezewa.

Nilidhani nimeshinda. Masika yakaja. Mvua ya kwanza nzito ilinikuta jikoni, nami, bila kufikiri, nikaacha mboga motoni nikaenda chumbani kuvuta ile hewa. Miaka yote nilikuwa nimeilaani harufu ile, na sasa nilikuwa naiwahi kama mtu anayewahi basi.

Mume wangu alikuwa amefika kabla yangu. Alikuwa amesimama kwenye kona mbele ya sanduku, mikono mgongoni, ameinua uso kidogo, anavuta pumzi polepole puani. Yeye, aliyekuwa akigeukia ukutani. Nilisimama karibu yake, nikavuta na mimi. Udongo uliolowa, ng'ombe, blanketi letu.

"Sisikii kitu," alisema.

Safari hii alikuwa anasema kweli. Nilimshika mkono, tukaendelea kusimama pale hadi mboga ikaanza kuungua.