Kitovu cha Gurudumu la Nyuma

Ukiniuliza baiskeli ina umri gani, nitakuuliza unamaanisha sehemu ipi. Kadre, ile mifupa yenyewe, inaweza kuwa ya babu, usukani wa baba, na pedali za Jumamosi iliyopita. Hapa Mweso, kwenye milima ya Masisi, baiskeli haifi. Inabadilishwa kidogokidogo mpaka mwenyewe hajui tena amebaki na nini. Mimi nauza vipuri sokoni tangu nikiwa msichana, na wanaume hawachoki kunitania kwamba nimeolewa na mnyororo. Wacheke tu. Wakiwa na chuma chakavu mkononi, ni kwangu wanakokuja.

Asubuhi moja aliniita fundi jirani yangu. Ni mtu mwema mwenye kasoro moja: kwake kila kitu kilichochakaa ni cha Wabelgiji. Alikuwa amenunua baiskeli kwa papa mmoja, mzee aliyepanda nayo kutoka Walikale, kule msituni, akisukuma madumu ya mawese, na ambaye sasa alitaka kurudi kwao kwa pikipiki.

"Dada, kuya uone. Hii kinga iko ya wakati ya Wabelgiji, yote muzima."

"Na hizi pedali za plastiki, Wabelgiji njo balileta?"

Akacheka, nami nikaiinamia ile kinga, ndivyo tunavyoita baiskeli, nianze kupima umri wa kila kipuri. Tandiko lilikuwa la ngozi, lenye springi chini, limekauka kama muhogo uliosahauliwa juani. La zamani kweli. Breki zilikuwa za vyuma virefu, si za waya, na breki za namna ile sijawahi kuletewa hata na mchuuzi mmoja. Kutu nayo inasema: kutu changa ni nyekundu na inabaki kidoleni, kutu nzee ni nyeusi na imeshalainika. Upande mmoja wa usukani ulikuwa umepinda, maana watu wa msituni hufunga fimbo pale ili wasukume mzigo mzito kwenye matope. Nikapitisha mkono kwenye bomba la juu la kadre. Katikati palikuwa na pete ya shaba, imechomelewa kimshazari.

Nikasimama. Pete ile naijua.

Baba yangu aliuza maziwa na jibini huku milimani. Nilipokuwa mdogo bomba la baiskeli yake lilikatika kwa uzito wa madumu, na fundi wa kuchomelea akaliunga kwa pete ya shaba. Aliiweka kombo kwa sababu alikuwa amekunywa kasiksi, pombe ya ndizi, tangu asubuhi. Baba alimtukana, kisha akazoea. Kiangazi kimoja akashuka Walikale na mzigo wa jibini, kwa watu waliokuwa wakichimba madini Bisie. Mapigano yakafunga barabara nyuma yake. Hakurudi, wala hatukupata neno.

Baba zetu wadogo wakasema amekufa, tukae matanga. Mama akakataa. "Sitakalia matanga muntu mwenye sijaona," alisema, na neno lile likakaa nyumbani kwetu kama fanicha. Hapakuwa na matanga wala misa. Wakwe zake wakaacha kuja. Kwenye misiba ya watu mama alikaa pembeni, si mke wa mtu, si mjane. Nami, acha niseme ukweli, nilikuwa nimechoka. Nilitaka baba yangu awe amekufa vizuri, kama watu wengine wanavyokufa, tulie, tule maharagwe ya msiba, watu waende kwao.

Kwa hiyo nilijua baiskeli ile ingeweza kunipa nini. Kama kila kilichokuwa juu yake, ukiacha takataka za plastiki, kilikuwa cha kabla ya safari ile, basi baba hakufika mbali. Alinyang'anywa njiani akauawa, nami ningemwambia mama: tazama, tumlie. Nikamuuliza yule papa wa Walikale aliipata wapi.

"Mi niliinunuaka kwa muntu, na ule muntu naye aliinunuaka kwa mwingine," akasema. "Kinga haina mama, dada."

Nikahamia kwenye magurudumu. La mbele lilinifurahisha. Rimu yake, janti, ya chuma kizito, na kile kitovu cha katikati kinachobeba gololi kilikuwa na kitundu cha kutilia mafuta, kimefunikwa na kibati. Hivyo havitengenezwi tena. La nyuma janti yake ilikuwa vilevile, nikaanza kumshukuru Mungu mapema. Kisha nikafuta matope kwenye kitovu chake.

Kilikuwa cha bati jeupe jepesi, chenye mabega mapana. Aina ile mimi ndiye niliyefungua katoni yake ya kwanza sokoni hapa. Nilikuwa na mtoto mgongoni siku ile, na baba alikuwa ameshapotea siku nyingi kabla hata sijaolewa.

"Labda mwizi njo alibadilisha," fundi akasema. Alikuwa ameona uso wangu.

Inawezekana. Nililishika neno lile kwa mikono miwili. Nikamwambia afungue vitovu vyote viwili.

Cha mbele kilijaa mawese, mekundu, kama baiskeli zote za msituni. Cha nyuma hakikuwa na wekundu wowote. Kilikuwa na kitu kizito cha manjano iliyokolea, kimegandia gololi, na kilipoguswa na bisibisi kikatoa harufu ya moshi na ya ng'ombe.

Hapa inabidi nimseme baba. Baba alipaka baiskeli yake mafuta ya ng'ombe, yale yanayotoka maziwa yakisukwasukwa kwenye kibuyu kilichofukizwa. Wafugaji wenzake walimcheka: mafuta yale ni ya kupikia na ya kumpaka bibi harusi, nani anapaka chuma? Yalioza, yaliganda, mbwa walikuja kulamba magurudumu yake. Yeye alijibu kwamba kitu kilichomlea yeye hakiwezi kushindwa kulea baiskeli. Sijaona mtu mwingine, Masisi wala Walikale, aliyefanya upumbavu ule.

Na mafuta yake yalikuwa ndani ya kitovu kilichofika nchi hii baada ya yeye kupotea.

Nikakaa juu ya dumu. Baba hakufa njiani. Aliishi, akabadilisha gurudumu, akalipaka mafuta, huko chini tu, mwendo wa baiskeli kutoka kwetu, na mimi nikishtuka kila mlango ulipobishwa. Nilikasirika. Fundi akanifutia gololi zile kwa kitambaa na kunipa kitambaa.

Nilimkuta mama uani akichagua maharagwe. Nilikuwa nimepanga maneno njiani, yote yakanitoka. Nikamwambia tu tumeona kinga ya baba, ile ya pete ya shaba, nikamwekea kitambaa mkononi. Akakinusa. Akanusa tena, polepole, kama anavyonusa maziwa kabla ya kuyauza.

"Haya mafuta iko yangu," akasema.

Nikafikiri uzee umemchanganya.

"Nilikuwa namutumia. Bale bamama ba maziwa balikuwa banashuka nayo, kila musimu."

"Mama, ulijua kwenye alikuwa?"

"Nilijuaka. Vita ilimushika kule, kisha mwanamuke akamushika. Alinitumia neno moja tu: mafuta. Nikamutumia mafuta."

Nilimpigia kelele. Sijawahi kumpigia mama kelele kabla ya siku ile. Nilimuuliza kwa nini alituacha tukingoja, na kwa nini aliwaacha wakwe zake wamwite mkaidi. Alingoja nimalize.

"Ningesema nini? Baba yenu iko muzima na harudi? Mungemufwata, na barabara iko na vita. Na kukalia matanga muntu muzima, hapana. Mungu angeniuliza."

"Na sasa iko wapi?"

Akarudisha mkono kwenye maharagwe, akaacha.

"Musimu moja mafuta ilirudi. Ule mama wa maziwa akaniwekea kopo hapa chini, halikufunguliwa. Akasema, hayuko tena." Akanitazama. "Ningelia mbele ya nani? Bangeniuliza nilijua namna gani."

Kisha akaniambia niwaite baba zangu wadogo.

Walikuja alasiri ileile, na majirani nyuma yao, wakibeba viti. Hatukuwaambia habari ya mafuta. Tulisema kinga imepatikana, na kwamba aliyeleta habari alikuwa na hakika. Watu wakakaa, wakatoa pole, na mkubwa wa baba zangu akauliza swali linaloulizwa kila msiba: alikufa lini? Wote wakanigeukia mimi. Ninaweza kukuambia pedali iliingia Mweso msimu gani, lakini msimu aliokufa baba aliujua mama peke yake.

"Leo," mama akajibu, akavua kitambaa chake cha kichwa, akaanza kulia.