Miguu ya Paka Wetu

Paka wetu alianza kwa kushindwa kuruka dirishani. Tukacheka, tukasema kazeeka, na wala hakuwa mzee. Baadaye miguu ya nyuma ikalegea, akawa anakanyagia visigino kama mtu anayetembea huku kachuchumaa. Nikambeba kwenye kikapu cha sokoni hadi kwa daktari wa mifugo. Akamminya mapaja, akamkunja nyayo akaona paka anachelewa kuzirudisha. Akaniambia mishipa ya fahamu inakufa na misuli inaisha kidogo kidogo. Dawa ya kumponya hakuna, ila ugonjwa wenyewe hauambukizi. Awekewe chakula karibu, alale pasipoteleza, bado ana maisha.

Nikarudi nyumbani Bunju nikayasema yote hayo. Mama mkwe wangu, tunayekaa naye, hakusikia hata moja. Mwanangu alikuwa bado anatambaa, wakati wenzake wanakimbia uani. Kliniki walisema tumpe muda. Mama mkwe muda hana: kwake yeye, paka ndiye kamfunga mtoto miguu.

"Mama, paka anaumwa tu. Daktari kasema."

"Daktari wa ng'ombe huyo! Mie nimemlea mumeo akatembea. We umemtembeza nani?"

Mume wangu akatazama simu. Hiyo ndiyo kazi yake mama yake akianza kuongea.

Siku moja nimerudi kutoka saluni kusuka, nakuta mkeka wa paka umefuliwa, umeanikwa. Paka mwenyewe katiwa kwenye kiroba, kapelekwa Kunduchi wanakoshusha samaki. Ndivyo watu wanavyofanyaga na paka wasiowataka, halafu wanajisifu hawajaua.

"Kule vichwa vya samaki vimejaa, atanenepa," akasema mume wangu. Yeye ndiye aliyekibeba kiroba.

Paka hawezi kusimama, unammwaga katikati ya paka wenye njaa, halafu unaniambia atanenepa!

Kesho yake nikaenda kumtafuta. Mama mmoja muuza samaki akaniuliza, "Paka hapa wengi, mwanangu. Wako ana alama gani?"

"Hawezi kutembea."

Akaniangalia, akarudi kupara magamba.

Paka sikumpata. Baadaye mwanangu alikuja kusimama mwenyewe, akashika ukuta, akatembea. Mama mkwe akapiga vigelegele mpaka majirani wakachungulia.

"Si mnaona? Miguu yake imerudi!"

"Basi na ya paka itakuwa imerudi, mama," nikamwambia mbele yao. "Mtume mwanao akamlete."

Vigelegele vikakatika. Mume wangu akatoa simu.