Mashine ya Pamba Iliyofuzu kwa Choroko

Mimi ni fundi wa kuchomelea hapa Bariadi, na mdomo ninao. Nilitengeneza mashine ya majaribio ya kupandia pamba: gurudumu la baiskeli, dumu la mafuta ya kula na tundu la kudondoshea mbegu. Uani kwangu ilidondosha bila kukosea. Nikaanza kujiita injinia.

Nikaipeleka Shishiyu, shambani kwa Mayu Kabula, mama ambaye hata bwana shamba anamwogopa. Majirani walijaa. Nikamimina mbegu za pamba, nikasukuma mstari mzima huku nahutubia, kifua mbele, bila kugeuka nyuma.

Mayu alinifuata akifukua kwa kidole.

“Mwanangu, mbona hakuna mbegu huku?”

“Chimba vizuri, Mayu.”

Akachimba. Majirani nao wakachimba. Hawakupata hata moja. Mbegu za pamba zina manyoya, na zilikuwa zimeshikana ndani ya dumu kama godoro. Enzi zake bibi yangu alikuwa akizisugua kwa majivu na maji kabla ya kupanda ili zisishikane, na mleta majivu nilikuwa mimi!

Mayu akapindua dumu, akalipiga kofi. Ikadondoka choroko moja, ya kijani, inang'aa.

“Kumbe ulijaribu kwa choroko?”

“Ndizo zilikuwepo jikoni,” nikakiri.

Shamba zima likaangua kicheko. Mayu hakucheka. Alikuwa ameshashika mpini wa mashine kwa mikono miwili.

“Heka tatu za choroko napanda kwa kuinama, mgongo umekwisha,” alisema. “Ya pamba katengeneze nyingine. Hii haiondoki hapa.”