Mwalimu Sauti na Vibanio Vyangu

Wifi yangu hajui kusoma kimyakimya. Hili nalisema mbele yake, naye hukasirika, halafu huchukua gazeti akanisomea kwa sauti habari ya kwanza anayoiona, eti kunithibitishia kwamba anaweza. Akitembea barabarani husoma mabango yote. Akitaka kumeza dawa husoma maandishi ya chupa mpaka pale chini kabisa palipoandikwa weka mbali na watoto, na ole wako umkatize kabla hajafika kwenye nukta. Ni dada wa mume wangu, mwalimu wa lugha tangu ujana wake, na wanafunzi wamempa jina la Mwalimu Sauti. Hakupata mume, au mume hakumpata yeye, inategemea unamuuliza nani. Anaishi kwetu, chumba cha uani, na kwa kuwa mimi nina saluni mbele ya nyumba hiyohiyo, mchana kutwa tuna kelele mbili: mbele draya zangu za kukaushia nywele, nyuma yeye.

Mimi nami si mtu mpole. Nasema mapema usije ukanishangaa. Mteja akitikisa kichwa nikimsuka, nampiga kofi la begani, na hurudi tena kwa sababu mkono wangu ni mzuri. Kwa hiyo fikiria mawifi wawili wa namna hiyo chini ya paa moja. Mume wangu alijifunza zamani kula haraka na kwenda kwa jirani kuangalia mpira.

Alasiri, shule zikifungwa, wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sekondari humiminika uani kwake. Anawaandaa kwa ule mtihani mkubwa wa lugha, ambao wote huufanya siku moja, karatasi moja. Kwanza ufahamu: unasoma habari, unajibu maswali. Halafu sarufi: unapewa sentensi iliyopinda, unachagua namna ya kuinyoosha. Majibu ni A mpaka D, unapaka kiduara kwa penseli, na saa ukutani haina huruma na mtu.

Binti yangu, kifungua mimba wangu, aliufanya mwaka jana akaanguka. Si kwamba hana akili. Alikuwa akisoma sentensi, akifika mwisho amesahau mwanzo, anarudi, anasoma tena, jasho linamtoka. Muda uliisha yeye yuko katikati ya karatasi. Na mtihani huu unarudiwa mara moja tu. Tangu mdogo, tangu enzi za kuwafunga wanasesere bendeji, anataka uuguzi, na chuo cha uuguzi hakikutazami usoni kama huna alama za lugha. Akianguka tena, mlango ndio umefungwa. Mimi ningempa kiti na kitana pale saluni, naye angepokea bila kununa, na hicho ndicho kilichokuwa kinanikosesha raha. Mtoto yule hawezi kusuka hata ukili. Mteja akiona anakuja na kitana, anakumbuka ameacha jiko linawaka.

Basi nikameza mate machungu nikamwendea wifi yangu. "Wifi, nisaidie mtoto."

"Leo umekuja kwa adabu," akasema. "Hebu rudia, nilikuwa sikusikii vizuri."

"Wifi, usinichokoze. Mtoto ni wako, wewe ndiye shangazi yake."

"Ndiyo maana nilikuwa nasubiri uniombe."

Njia yake ya kufundisha ni moja tu: soma kwa sauti. Anasema sikio lilijua lugha kabla ya jicho. Sentensi mbovu ukiisoma kwa macho peke yake, jicho linaionea huruma, linairekebisha lenyewe, unapita. Ukiitamka, sikio linashtuka. Kwa hiyo mkato unapumua, nukta unasimama, na kila nukta yeye mwenyewe anagonga meza, ngo! Anagonga na nini? Na vitana vyangu, vile vya mkia mrefu vya kugawia nywele. Sijui nimenunua vingapi. Nikilalamika ananiambia elimu haina bei.

Na lazima niseme kweli, uani kulikuwa na raha. Nilikuwa nawasikia kupitia dirisha la nyuma. Kuna binti mmoja tulimwita Wakili, kwa sababu hakuna jibu alilolikubali bila kesi. Siku moja walisoma habari ya bwana mmoja aliyeuza baiskeli yake. Swali likauliza kwa nini aliiuza.

"Kwa sababu ni mjinga," akasema Wakili.

"Nionyeshe mstari," akasema wifi yangu.

"Lakini mwalimu, mtu mwenye akili zake hauzi baiskeli nzima kwa sababu ya mvua!"

"Sikukuuliza ungemshauri nini. Hujaja hapa kuolewa naye. Umeulizwa imeandikwa nini. Nionyeshe mstari!"

Wateja wangu walicheka mpaka nikapoteza mstari wa msuko. Lakini nilimwona binti yangu naye anacheka, na mwaka mzima nilikuwa sijamwona akicheka akiwa na kitabu mkononi. Kidogo kidogo akaanza kusoma ukurasa kwa mpigo mmoja, bila kurudi nyuma. Akikutana na sentensi mbovu alikunja uso kama aliyetafuna kijiwe kwenye wali. Nikasema, haya, tumevuka.

Kumbe bado tuko mtoni. Shule iliandaa mtihani wa majaribio, katika ukumbi uleule, kwa masharti yaleyale ya siku yenyewe. Sijui kwa nini sisi watu wazima wawili, mmoja wetu mwalimu wa tangu na tangu, hatukuliwaza jambo ambalo hata paka angeliwaza. Watoto wale walikuwa wamejifunza kusoma kwa mdomo. Walipofungua karatasi, midomo ikaanza kazi. Hapa mnong'ono, pale mnong'ono, na kijana mmoja aliyeitwa Mrefu, kwa sababu ya shingo, akasahau kabisa alipo akagonga nukta kwenye dawati. Msimamizi alidhani wanapeana majibu. Akachukua karatasi ya binti yangu, ambaye alikuwa akinong'ona kuwashinda wote, akamtoa nje. Akamwambia, "Siku ya mtihani wenyewe ukichezesha mdomo hivi, karatasi yako inafutwa. Hakuna maelezo."

Alirudi nyumbani. Alipotusimulia, nililipuka. "Ndiyo sauti yako hiyo, wifi! Umemfundisha mtoto kuimba, sasa anafukuzwa kama mwizi!"

  Wifi yangu akakaa kwenye kigoda, mikono mapajani, akasema, "Nimewaharibu watoto wa watu." Kesho yake akawakataza kufungua mdomo. Wakanyamaza, na binti yangu akarudi palepale: anasoma sentensi, anarudi mwanzo, jasho. Akisoma kwa sauti anafukuzwa, akinyamaza anaanguka. Moyo uliniuma mpaka nikashindwa hata kugomba, na mimi nikishindwa kugomba, ujue hali ni mbaya.

Jibu lililetwa na mvua. Ilikuja alasiri moja kwa kishindo, watoto wakakimbilia saluni na vitabu vimefichwa ndani ya mashati. Wateja wamejaa, viti vya kungojea hakuna. Nikawaambia wajibanze popote, ila wasinigusie mafuta yangu. Binti yangu akaketi kwenye kiti cha draya iliyokuwa wazi, na mimi kwa mazoea, mtu akikaa pale, nikamshushia ile kofia kichwani nikawasha. Nilifika kwa mteja wa pili ndipo nikakumbuka kwamba sikuwa nimemwosha nywele.

Nikageuka kuzima. Nikamwona anasoma. Midomo ilianza kucheza kama kawaida, lakini draya ikivuma masikioni hujisikii hata ukipiga kelele. Akajaribu kupaza, hakusikia kitu. Akajaribu tena. Halafu midomo ikapunguza mwendo, ikasimama, ikafunga. Macho yakaendelea. Akafunua ukurasa, na hakurudi nyuma. Alipokuta sentensi mbovu, uso ukakunjika kwa kijiwe kilekile.

Nikainua kofia. "Umefanyaje?"

"Mama," akasema, macho yamemtoka, "nimeisikia. Kwa ndani. Kwa sauti ya shangazi, mpaka ngo!"

Wifi yangu alikuwa mlangoni anakamua gauni. Alilia palepale, na kwa kuwa ni yeye, alilia kwa sauti.

Kuanzia siku hiyo saluni yangu haikuwa saluni tena. Draya zote zikawa za shule. Wanafunzi wanaketi foleni, kofia kichwani, kitabu mapajani, kavu kabisa. Mrefu shingo haikuingia, ikabidi akae sakafuni. Mteja akija na kichwa kinachuruzika maji, wifi yangu anamwambia, "Subiri kidogo, huyu yuko aya ya mwisho." Mteja wangu! Saluni yangu! Niligomba, lakini niligomba taratibu.

Tatizo likabaki moja. Ukumbi wa mtihani hauna draya, na nje ya draya midomo ilirudia tabia yake. Hapo ndipo nami nikatoa mchango, na naomba jambo hili lisisahauliwe katika familia hii. Mimi nikisuka hushika kibanio cha nywele kwa midomo, kwa kuwa mikono yote miwili ina kazi, na nimezoea kuwasikiliza wateja siku nzima bila kukidondosha. Nikamwambia wifi, "Wape vibanio." Kila mtoto akabana kimoja kwa midomo, akasoma. Kikianguka, midomo imecheza, anarudi chini ya draya. Siku za mwanzo vilianguka kama mvua. Wakili alitaka kukata rufaa kwamba chake kinateleza, lakini kwa kuwa alikuwa nacho mdomoni hatukumwelewa, na uani kukapata amani ambayo haikuwahi kuonekana. Mwishoni walikuwa wanasoma habari ndefu, wanajibu maswali yote, na hakuna kibanio kilichogusa sakafu.

Siku ya mtihani ilipofika, tulikuwa tumesimama nje ya uzio wa shule, mimi na wifi, na saluni nimeifunga. Binti yangu alikaa karibu na dirisha. Kibanio hakuruhusiwa kuingia nacho, lakini nilimwona ameibana midomo vilevile, kama kipo. Nikamtazama mpaka macho yakaniuma. Msimamizi yuleyule akapita nyuma yake, akasimama.  Akamwinamia, akamtazama mdomo. Midomo haikutikisika. Akaendelea zake.

Pembeni yangu nikasikia mnong'ono. Ni wifi yangu, anasoma bango la ukutani: "Tafadhali, mkato, nyamaza, mkato, mtihani unaendelea, nukta."

Mlinzi akaja mbio. "Mama, huku nje pia ni kimya!"

Nikatoa kibanio nywelini mwangu nikamtia wifi mdomoni. Alikaa nacho mpaka kengele ilipolia, na namsifu kwa hilo.

Kungoja matokeo ni kazi ngumu kuliko kusuka kichwa cha mtoto anayelia. Nilikuwa nikimwona binti yangu anafagia saluni bila kuagizwa, anapanga vitana kwa ukubwa, anajizoeza kimoyomoyo kukaa pale maisha yake yote, nami nageukia ukutani. Yalikuja mchana mmoja, kwenye simu yake, nikiwa nimefika nusu ya kichwa cha mteja. Simu ikalia, akaichukua, akafungua. Wifi yangu akatokea mlangoni sijui aliambiwa na nani.

Binti yangu akasoma. Midomo imefunga. Uso hauna habari, ukuta mtupu. Macho yanashuka mstari kwa mstari, polepole, hayarudi nyuma.

"Nini?" nikauliza.

Anasoma.

"Mwanangu, wanasemaje?"

Akainua kidole kuniambia ningoje, bado hajafika kwenye nukta. Mteja mwingine akavua kofia ya draya ili asikie.  Ndipo Mwalimu Sauti aliyekuwa akiwaokotea watu vibanio, aliyewaambia watoto wa watu kwamba anayetikisa mdomo amekwisha, akapasuka:

"Soma kwa sauti!"

"Lakini shangazi, si ulisema..."

"Nilisema kwenye mtihani! Huu si mtihani, hapa ni nyumbani! Soma kwa sauti!"

Mtoto akasimama. Akavuta pumzi kama alivyofundishwa. Akaanza tangu juu kabisa, namba yake ya mtihani, mkato, mwaka, mkato, bila kuruka neno, na sisi tunakufa. Sehemu ya ufahamu, umefaulu. Sehemu ya sarufi, umefaulu. Hapo akafuta macho kwa kiganja. Akajikaza, akamaliza kwamba alama zake zinatosha kuomba nafasi chuoni, kisha akaanza kucheka na kulia kwa wakati mmoja. Mteja niliyekuwa namsuka alipiga kigelegele na nusu ya nywele zake zimesimama wima.

Nikamtazama wifi yangu. Alikuwa anapapasa meza akitafuta kitu cha kugongea, lakini machozi hayamruhusu kuona.

"Rudia," nikamwambia binti yangu. "Kwa sauti. Sikusikia vizuri."

Akarudia yote, tangu namba ya mtihani. Nami nikachukua kitana changu kipya, kile cha mkia mrefu, nikaanza kumgongea kila nukta mezani, ngo! na ngo! mpaka mkia ukakatika, na siku hiyo hakuna aliyegombana na mtu.