Pilau Iliyofungiwa Benki

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye nyumba ya kutunzia wazee kule Croydon, London, Metroni, msimamizi wetu, alinirushia aproni akasema, "Mzee hanyanyuliwi kama gunia. Piga goti, mwache akushike shingo." Mimi shule niliishia darasa la nne, Muheza, lakini magoti nilikuwa nayo.

Nilinyanyua wazee miaka ya tisini yote. Mshahara ukiingia benki, simu kutoka Muheza inalia, unatoka. Leo kipaimara, kesho msiba, keshokutwa mchango wa harusi. Akaunti yangu ilikuwa pakacha. Nami nilitaka kitu kimoja tu: kuinunua flati niliyopanga kwa halmashauri ya mji, maana mpangaji aliruhusiwa kununua, kabla mgongo haujakatika.

Mwishoni mwa miaka hiyo Metroni akaniita. "Mama Neema, kuna akaunti za akiba ambazo riba yake haikatwi kodi. Chukua ya kiwango kisichobadilika. Unazifunga pesa zako miaka miwili, na riba waliyokuahidi ndiyo hiyo hiyo mpaka mwisho."

"Nikizitaka katikati?"

"Wanakukata riba. Hiyo ndiyo dawa yako."

Nikazizungukia benki. Kila karani nilimuuliza: muda gani, na adhabu ya kutoa mapema ni nini? Benki moja riba yake ilikuwa nono, kumbe ni ya miezi ya mwanzo tu. Nikaiacha, nikachukua ya wastani iliyonyooka.

Muda haujaisha, kaka yangu akapiga simu. Anaoza mwanawe.

"Dada, kamati ya harusi imekupangia pilau. Watu wote wanajua shangazi yuko London."

"Pesa zimefungwa."

"Benki gani inamfungia mtu pesa zake?"

"Nimezifunga mwenyewe."

"Basi zifungue mwenyewe."

Kesho yake nikaenda benki kuzifungua, nisiseme uongo. Karani akanieleza: riba naipoteza, na zikishatoka, ile kinga ya kodi nayo imekwenda. Nikaiona flati yangu inageuka sahani za pilau. Nikafunga vifungo vya koti nikatoka.

Nikafanya shifti za wikendi, nikatuma za soda. Harusini mshereheshaji akatangaza, "Shangazi wa London, soda." Muheza nzima ikacheka. Kaka akaninunia muda mrefu.

Sasa nimestaafu. Wajukuu wananijibu Kiingereza, lakini akiba zao nazifuatilia. Muda ukiisha, nawaambia, nendeni mkachague upya. Mkinyamaza, benki inawahamishia kwenye riba ya makombo. Wananiita polisi. Sawa tu.

Flati niliinunua. Kaka alipokuja kutibiwa macho, nilimtandikia chumba cha dirisha kubwa. Akakipapasa kitanda, akapapasa ukuta.

"Kumbe pilau yangu ilifungiwa humu."

"Ndiyo hiyo," nikamwambia. "Vua viatu, ulale juu yake."