Titi la Mume Wangu

Mume wangu alianza kutoka bafuni akiwa amevaa shati. Mwanaume ambaye tangu nimjue, joto likianza tu, hukaa sebuleni kifua wazi hata mbele ya mchungaji, ghafla akawa na haya kama mwari. Nikajua kuna mwanamke. Nilimkagua shingo nikitafuta alama za meno, nikanusa kola, nikapekua mifuko ya suruali. Sikupata chochote zaidi ya harufu ya vanishi, maana kazi yake ni kutengeneza makochi na vitanda pale Keko, na harufu hiyo tumeizoea sote hadi kwenye mito.

Jumapili moja nilimfumania chumbani akibadilisha fulana. Upande wa kushoto wa kifua kulikuwa na pamba iliyobandikwa kwa plasta.

"Nini hicho?"

"Kifua."

"Kifua kimefanyaje?"

"Kimegongwa na ubao. Mwalimu, usianze."

Mwalimu ni mimi. Nafundisha darasa la tano katika shule moja ya msingi huku Temeke, na mume wangu hunipa cheo hicho kila anapotaka ninyamaze. Sikunyamaza. Nilibandua ile plasta, na chini yake chuchu ilikuwa imevutwa ndani, imejikunyata. Nilipogusa nikakuta kitu kigumu kama gololi, na nilipojaribu kukisogeza kikagoma.

"Kinauma?"

"Hakiumi hata kidogo," akasema, tena kwa fahari, kana kwamba amefaulu mtihani.

"Tangu lini?"

"Tangu ile oda ya vitanda vya hosteli."

Oda ya vitanda vya hosteli ilikuwa kabla ya Pasaka, na siku hiyo Nanenane ilikuwa imeshapita. Muda wote huo mtu mzima, baba wa watoto watatu, alikuwa anajibandika pamba na kuvaa shati juu yake. Nilipomwambia kwamba hilo ni titi na titi likiwa hivyo linapelekwa hospitali, aliniangalia kwa huruma ile anayowaonea wateja wanaotaka kochi la ngozi kwa bei ya kitambaa.

"Mwanaume hana titi. Ana kifua."

Kwa sababu alikuwa anawaambia watu wote kwamba anasumbuliwa na kifua, kila mtu alimtibu kifua. Jirani alileta tangawizi. Pale karakana wenzake walikaa kama jopo la madaktari bingwa, randa mkononi, wakatoa majibu. Wa kwanza alisema ni simu, kwamba anaiweka mno kwenye mfuko wa shati na mionzi imemchoma. Mume wangu akaihamishia kwenye mfuko wa suruali, karibu na vitu ambavyo, ninavyomfahamu, anavithamini kuliko kifua. Wa pili alisema ni gesi. Wa tatu, ambaye anajua mambo ya hospitali kwa kuwa shemeji yake ni mlinzi wa geti, alisema chochote kitakachotokea asikubali kuguswa na kisu wala sindano, maana uvimbe ukichokozwa unasambaa. Alikuwa na ushahidi: mama mmoja wa mtaani kwao alikatwa, akafa.

Nilikwenda mwenyewe kumuuliza huyo wa tatu mama yule alikwenda hospitali lini. Akasema alikwenda kidonda kilipoanza kunuka, watoto walipokuwa hawakai naye chumba kimoja.

"Na kabla ya hapo?"

"Alikuwa anatumia dawa za kienyeji, mwalimu. Alikuwa anaendelea vizuri tu."

Kwa hiyo lawama zote zilikwenda kwa kisu. Nilirudi nyumbani nina hasira za kumng'ata mtu. Hasira zangu hazikuwa na maana ila moja: nilikuwa naogopa. Nilikuwa naogopa mume wangu afe kwa aibu, afe kwa sababu ugonjwa wake umekaa mahali ambapo wanaume wenzake wangecheka.

Nilimpigia kelele wiki nzima mpaka akakubali twende hospitali. Alivaa suti. Tulipofika, benchi lote la kliniki ile lilikuwa la wanawake, na ukutani palikuwa na picha za wanawake wakijichunguza mbele ya kioo. Mume wangu alisimama pembeni, mikono nyuma, kama mkaguzi wa shule. Muuguzi akamuuliza, "Baba, umemleta nani?"

"Mama huyu hapa," akajibu bila kupepesa macho. "Ana tatizo la titi."

Nilidhani muuguzi ananivuta ndani ili nieleze habari za mgonjwa. Akafunga pazia, akasema, "Vua, mama."

"Dada, mgonjwa ni mume wangu."

"Wote ndivyo mnavyosema," akanijibu huku anavaa glavu. "Mara ni shoga yako, mara ni mdogo wako. Leo ndiyo nasikia ni mume. Vua."

Nikavua. Ningefanyaje? Alinipapasa kwa utaratibu, matiti yote mawili mpaka kwapani, akanifundisha na mimi nifanye hivyo hivyo kila mwezi hedhi ikishapita, kwa vidole vilivyolala, si kwa kubinya kama mtu anayechagua parachichi. Nikamuuliza maswali yote ninayoyasikia kwenye vikao vyetu vya wanawake. Sidiria ya kubana inaleta saratani? Hapana. Kuweka hela kwenye sidiria? Hapana, ila hela ni chafu. Uvimbe usiouma ni salama? Akaacha kunipapasa. Akasema huo usiouma ndio watu wanauchelewesha.

"Yako salama, mama," akamaliza.

Niliapa kwa mbingu na ardhi kwamba mgonjwa yupo nje, mpaka akacheka na kutoka kwenda kumwita. Benchi lilikuwa na wanawake tu. Mume wangu alikuwa ametoroka. Nilimkuta nyumbani anaangalia mpira, suti imetundikwa.

"Wamesemaje?"

"Wamesema matiti yangu ni salama."

"Si unaona?" akasema, na nakwambia alishusha pumzi kutoka chini kabisa. "Ulikuwa unatutisha bure."

Alichukua majibu yangu akayafanya yake. Kuanzia siku hiyo alipoulizwa na wale madaktari wa karakana, alisema hospitali wamepima na hawakuona kitu. Alikula vizuri. Alianza hata kuimba. Na mimi nilikuwa nalala kando yake nasikiliza pumzi zake kwa uchungu, kwa sababu doa lilikuwa limeanza kuonekana kwenye fulana zake, jekundu hafifu, na alikuwa anazifua mwenyewe. Mwanaume yule hajawahi kufua hata leso.

Aliyemwokoa hakuwa mimi, na jambo hili bado linaniuma kidogo. Ni mtani wake.

Mume wangu ni Mngoni wa Songea. Pale Keko kuna mama wa Kihehe anayewapikia mafundi wali na maharage, na Wangoni na Wahehe ni watani tangu enzi za mababu zao kupigana vita. Mtani anakutukana na huruhusiwi kukasirika. Mama yule ni mdogo kwa mume wangu kwa miaka mingi, lakini hajawahi kumpa shikamoo. Salamu yake ilikuwa, "We Mngoni, bado tu hujafa?" Kisha anamweleza jinsi siku ya msiba atakavyoingia kwenye kaburi na kulala humo, azuie mazishi mpaka ndugu wa marehemu wamlipe jogoo. Mume wangu naye anamjibu kwamba Mhehe hali jogoo, anakula mbwa aliyemlinda jogoo. Wanacheka hadi wateja wanageuka. Nilipata kumwonea wivu mama yule kwa namna alivyomchekesha mume wangu, na nililisema hilo mbele yao wote wawili.

Siku moja kopo la tina, ile ya kuyeyushia vanishi, lilimwagikia mume wangu kifuani. Inawasha, kwa hiyo akavua shati na fulana haraka kabla hajakumbuka. Pamba ikatoka na fulana. Mtani wake alikuwa amesimama mbele yake na sahani ya wali. Wenzake waliniambia baadaye kwamba walianza kucheka mapema, wakisubiri atakalolisema, maana mtani akiona kitu kama kile kwa mtani wake ni sikukuu. Angeweza kumwambia amnyonyeshe mtoto. Angeweza kumtafutia sidiria.

Hakusema. Aliangalia, akaweka sahani kwenye benchi la kazi, akafuta mikono kwenye kanga. Akapiga goti kidogo, kama wanavyofanya kwao wakimwamkia mkubwa.

"Shikamoo, baba," akasema.

Mume wangu alirudi nyumbani mchana. Wali hakuula. Aliketi ukingoni mwa kitanda alichokitengeneza mwenyewe mwaka tuliooana.

"Mtani wangu kaniamkia," akaniambia.

"Kakuamkia vipi?"

"Shikamoo. Kaniheshimu, mama watoto. Mie ninakufa."

Miezi yote ile nilimsihi, nikalia, nikamtisha na watoto, nikapelekwa nyuma ya pazia kwa niaba yake, na hakusikia. Neno moja la adabu kutoka kwa muuza wali likamvunja nguvu. Kesho yake alikuwa wa kwanza kwenye benchi, katikati ya akina mama, na muuguzi alipouliza amemleta nani akasema, "Nimejileta mie."

Daktari alikuwa binti wa umri wa mtoto wetu wa kwanza. Alimwamkia, akamwomba avue shati, akamgusa kwa heshima na bila haya. Mume wangu akatoa hoja zake zote kwa mpangilio: ubao, simu, gesi. Daktari akamwambia kila binadamu ana titi, la mwanaume ni dogo tu, na linaweza kuugua kama la mwanamke ingawa si mara nyingi. Ubao haukuleta ule uvimbe, ila ulimfanya ajiguse mahali ambapo alikuwa hajigusi. Akaeleza kwamba atachukua kinyama kidogo kwa sindano ili kijulikane ni nini.

"Haitasambaa?"

"Baba, inasambaa tukiiacha."

Ilikuwa saratani. Bahati, na daktari alilitumia neno hilo hilo, haikuwa imefika mbali sana. Walilikata titi lote na kumtoa tezi za kwapani, kisha wakampangia dawa. Nilimwona kwa mara ya kwanza mume wangu akilia mchana kweupe, na nikalia naye, na mgonjwa wa kitanda cha pili akatupa kanga yake tujifutie.

Lakini daktari alikuwa ameuliza swali ambalo mume wangu alilipita juu juu. Kwao kuna aliyewahi kuugua titi? Akasema hakuna. Usiku wa kabla ya kutoka wodini ndipo aliponiambia kwamba mama yake alifariki na kidonda kifuani, yeye akiwa mdogo. Kijijini walisema amelogwa, wakamfukuza bibi mmoja jirani ambaye hakuwa na mtu wa kumtetea. Hakuna aliyeliita titi. Tulipomwambia daktari, akasema basi dada wa mume wangu aje apimwe upesi, na watoto wetu nao walijue hili.

Dada ni mmoja tu, mkubwa kwake, amebaki Songea akilima mahindi. Mume wangu alizunguka na simu siku kadhaa. Kukatwa alikubali, lakini kumtamkia dada yake neno titi alishindwa. "Atanicheka," akasema. "Dada yule ana mdomo, nyie hamumjui." Namjua. Ni wifi yangu, siku ya harusi yetu alinipa ndoo akaniuliza kama naweza kuibeba. Hatimaye nilibonyeza namba mwenyewe, nikaweka sauti ya nje, nikamshikisha.

"Shikamoo dada."

"Marahaba mdogo wangu. Mbona sauti hiyo, umefiwa?"

Akamwambia. Alimwambia vibaya, kwa kurukaruka, akianza na ubao, akapita kwa muuza wali, mpaka akafika kwenye titi. Akasema limekatwa. Akasema na yeye anatakiwa aje apimwe, ni mambo ya damu. Kisha akafumba macho kusubiri kicheko.

Kicheko hakikuja. Tulisikia kuku, na mtu kwa mbali akitwanga.

"Dada, upo?"

"Nipo," akajibu. "Lako lilikuwa upande gani?"

"Kushoto."

"Langu ni la kulia," akasema wifi yangu.

Mume wangu aliniangalia. Nilitaka kumnyang'anya simu, akaizuia kwa mkono.

"Mdogo wangu," dada akaendelea, taratibu, sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. "Huku wanasema ukikatwa tu, unakufa. Ni kweli?"

"Dada," mume wangu akasema, "sasa hivi unaongea na nani?"